Mfereji: Wenzetu Huuchimba, Sisi Huufunga

Mfungo Mosi uliopita tulikuwa na harusi nyumbani. Wageni walitoka Tanga, jamaa wa upande wa shemeji yangu, na miongoni mwao alikuwemo binti wa miaka kama kumi na sita, mwenye adabu zake, asiyengoja kutumwa mara mbili. Jioni ya kuamkia siku ya nikaha, mama yangu yuko jikoni na mikono yake imejaa unga, akasikia maji yakilia uani. Akamwita yule binti: "Mwanangu, hebu kimbia kaufunge mfereji, maji yamwaika."

Binti akatoka mbio. Alipofika uani akautazama mtaro wa maji machafu upitao nyuma ya nyumba kuelekea kichochoroni, akaona kweli maji yanapita. Akatafuta cha kuufungia. Akapata matambara na kipande cha bati, akainama akaanza kazi. Hatua tatu nyuma yake, pale penye tangi, mtu alikuwa amejaza ndoo akasahau kufunga, na maji yanateremka kama hayana mwenyewe. Akarudi jikoni. "Umeufunga?" "Ndiyo bibi, nimeufunga."

Hakusema uongo. Tulipokuja kugundua, tangi la lita elfu moja limebaki na matope chini, na mtaro uliozibwa umerudisha maji machafu mpaka kizingiti cha jikoni. Mtaani kwetu maji hutoka mara mbili kwa juma, yakitoka. Usiku ule tuliamsha watu wa mikokoteni, tukanunua mitungi thelathini kwa bei wanayojua wao wakiona hema la harusi limesimama mlangoni. Binti alilia. Mama yangu naye alikuwa karibu kulia, kwa sababu ameishi miaka sabini na ushei akiamini kwamba hakuna Mswahili duniani asiyejua mfereji ni nini.

Hapo ndipo niliposema sharti niandike juu ya neno hili.

Kwetu Mombasa mfereji ni kile kichwa cha chuma au plastiki unachokizungusha maji yakatoka, ukakizungusha tena yakakatika. Maji ya mfereji ni yale yasiyo ya kisima wala ya mvua. Mfereji huvuja, mfereji hukauka, mfereji huibiwa usiku ukauzwa kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Mrima wa Tanzania na bara yake, mfereji ni kitu cha kuchimbwa kwa jembe: njia ya maji shambani au kando ya barabara, yaani kile ambacho sisi huwa tunakiita mtaro. Anachokifunga mtu wa kule ni koki, na mara nyingi husema bomba tu. Ajabu ni kuwa hata sisi maana ile ya kwanza tunayo, ila tumeiweka kabatini. Mtoto yeyote wa Majengo akisikia Mfereji wa Suez, uliofunguliwa mwaka 1869, haoni picha ya bomba kubwa lenye kishikio. Anajua ni njia ya maji iliyochimbwa, ipitayo meli.

Basi neno lina maana mbili, na swali ni ipi iliyomzaa mwenzake. Hapa sina shaka. Njia ya maji ndiyo mama. Vichwa vya kuzungusha ni vitu vya juzi, lakini watu walikuwa wakiyaongoza maji kwa njia za kuchimba kabla ya chuma kuingia katika bomba.

Kwamba neno lenyewe lina asili ya Kiarabu, sidhani mtu atabisha. Ubishi uko katika kuwa ni neno gani la Kiarabu. Wako wanaolipeleka kwenye mzizi wa fa-ra-ja, wenye maana ya kufungua na kupanua, ule ule uliotupa faraja, kwa kuwa mwenye dhiki akipata faraja ni kama aliyefunguliwa. Ni maelezo matamu, na anayekaa siku nne bila maji kisha akasikia bomba likikohoa saa nane za usiku ataapa kuwa ndiyo ya kweli. Lakini mimi naelemea upande mwingine. Naona neno letu lina sura ya falaj ya Oman.

Falaj, kwa wingi aflaj, ni mfereji hasa. Watu wa Oman, nchi ya mawe na jua, huchimba kisima mlimani mpaka wayakute maji ya chini ya ardhi. Kisima hicho hukiita mama wa falaj. Kutoka hapo huchimba njia yenye mteremko mdogo sana, mara nyingi chini kwa chini, mpaka ifike kijijini juu ya ardhi. Hakuna pampu wala mnyama wa kuvuta. Maji hushuka yenyewe usiku na mchana. Yakifika, utaratibu ni mkali: mwanzoni kabisa ni mahali pa kuteka maji ya kunywa, halafu msikitini na pa kuoga, ndipo yaende kwenye mitende na mashamba. Kila mwenye shamba ana zamu yake, na zamu hupimwa kwa saa. Kabla ya saa za mkononi, mchana walipima kwa kivuli cha jua, na usiku kwa nyota. Mifereji kama elfu tatu bado inafanya kazi huko hadi leo, na mwaka 2006 UNESCO iliitia mitano katika orodha ya urithi wa dunia. Kitu chenyewe ni kikuu hivyo katika maisha yao, na watu hao ndio waliokuwa wakija na kusi na kaskazi hapa kwetu, wakaoa, wakazikwa. Sioni ajabu jina lake kuvuka bahari pamoja nao.

Utaniuliza mbona sisi tuna r na wao wana l. Ndugu msomaji, hizi sauti mbili kwa watu wa pwani ni jirani wa ukuta mmoja. Sisi twasema mlango, jirani zetu Wagiriama wasema muryango, na hakuna anayepotea njia ya kuingia ndani. Ama hiyo e, hata wasafiri wa Kizungu waliofika Oman zamani waliliandika neno hilo kwa e, felej. Tia m ya Kiswahili mbele, tia irabu nyuma, kwa sababu ulimi wetu haupendi neno liishie hewani, uone kama hukuupata mfereji. Ukiniletea ushahidi wa kunipinga nitausoma, lakini uje nao mkononi.

Sasa njoo kwenye kitendawili chenyewe. Mtaro uliochimbwa ardhini uligeukaje ukawa kichwa cha kuzungusha?

Jibu nadhani liko chooni na msikitini, kwenye birika. Simaanishi birika la chai. Namaanisha hodhi lile la kujengwa kwa mawe na chokaa, ambalo vijana wa nyumba za ghorofa hawajaliona. Kenda Gede, ule mji wa magofu karibu na Watamu ambao James Kirkman alianza kuufukua mwaka 1948, usimame nje ya msikiti mkubwa. Kisima kipo, na birika la kutawadhia lipo. Au nenda Lamu, uingie katika nyumba kongwe ya mawe ambayo haijanunuliwa na mgeni. Ukimwomba mwenyewe kwa adabu atakuonyesha birika la chooni. Ndani yake wazee walikuwa wakitia vijisamaki vidogo vile mabuu ya mbu, na maji walichota kwa kata ya kifuu. Lakini hebu angalia maji yalivyofika pale. Mtu hakuingia na ndoo mpaka chooni, kwa kuwa choo kilikuwa ndani, karibu na vyumba vya wanawake, na mteka maji hakuwa mtu wa ndani. Maji yalimiminwa nje, kwenye kijia kilichopitishwa ukutani, yakatokea upande wa pili na kuanguka birikani.

Basi fikiri wewe ni mwenye nyumba, uko ndani. Njia yote imefichwa na ukuta. Unachokiona ni mdomo tu, tundu ambalo maji hutokea. Unauitaje? Unauita mfereji. Kwako wewe mfereji ni pale maji yatokapo, wala hujali yamepita wapi. Ni kama tunavyosema "njia ya Kisauni imefunga" na tunamaanisha mahali pamoja tu penye msongamano.

Unguja nako mambo yalikwenda njia hiyo hiyo, tena kwa ukubwa. Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, aliyaleta maji safi mjini kutoka chemchemi za nje ya mji. Watu waliokuwa wakiteka visimani wakaanza kwenda kuteka pale yalipotokea maji ya mfereji wa Sayyid. Hata leo ukizungumza na wazee wa Unguja utawasikia wakisema maji ya mfereji kwa maana tunayoijua sisi. Kwa hivyo asije mtu akasema hii ni lugha mbovu ya Mombasa peke yake.

Bomba lina safari tofauti kabisa. Hili ni la Wareno, na kwa Kireno maana yake ni pampu. Walitujengea Ngome hapa kuanzia mwaka 1593, wakatolewa na Waomani mwaka 1698 baada ya kuzingirwa karibu miaka mitatu, na walipoondoka walituachia maneno kama mtu anayehama nyumba akasahau vitu juu ya kabati: meza, leso, bendera, karata, na kwa mafundi parafujo. Bomba walilihitaji melini. Jahazi likiingiza maji, mabaharia wetu walishuka ngamani wakayafua kwa mikono. Meli ya Mreno ilikuwa na chombo cha kuyanyonya maji na kuyatoa nje, na chombo hicho ni bomba. Hata sasa twasema kupiga bomba kwa maana ya kusukuma mpini upate maji. Kutoka kwenye chombo cha kusukuma, jina likashuka kwenye mwanzi wa chuma unaopitisha maji, na kwa wenzetu wa Tanzania likaendelea kushuka mpaka mwisho wa mwanzi, kwenye koki. Kwa Kireno hilo neno bomba ni pia lile la kulipuka. Kiswahili kililiacha hilo likangojea Waingereza watuletee bomu.

Kwa hivyo maneno haya mawili yamefanya jambo moja. Mfereji ulianza kwenye njia ukaishia mdomoni. Bomba nalo lilianza kwenye pampu, likapita njiani, na kwa wenzetu likafika mdomoni vilevile. Tofauti ni kwamba Mombasa mdomo ulikuwa tayari umeshikwa na mfereji, bomba lilipofika likaambiwa likae kwenye njia. Ndiyo maana mwaka 1957 maji ya chemchemi za Mzima, kule Tsavo Magharibi, yalipoanza kutufikia baada ya kusafiri zaidi ya kilomita 200, mtu wa hapa alisema maji ya Mzima yanakuja kwa bomba na yanatoka kwa mfereji. Hakuchanganya, na mpaka leo hachanganyi. Bomba likipasuka unaipigia simu kampuni ya maji. Mfereji ukivuja unamwita fundi, au unatafuta mpira wa washa unafanya mwenyewe. Mimi naona huu ni mgawanyo wenye akili kuliko wa wale ambao kwao pampu, mwanzi na koki vyote ni bomba. Nasema hivi nikijua nina shemeji Tanga atakayeusoma ukurasa huu.

Koki haina siri, ni ya Kiingereza iliyovaa kanzu. Bilula, ile ya kwenye kamusi, ndiyo iliyonitia hasira mwaka huu.

Mtoto wa dada yangu, yuko darasa la sita, alirudi na daftari la msamiati. Swali: kifaa cha kufungulia na kufungia maji huitwaje? Akaandika mfereji. Mwalimu akatia mkasi kwa wino mwekundu, akaandika juu yake "bilula". Mtoto akaja kwangu kwa kuwa mjomba ndiye anayejua vitabu. Akaniuliza, "Mjomba, nyanya hajui Kiswahili?"

Sina ugomvi na bilula. Ni neno zuri, na kumjua mtoto maneno mawili ya kitu kimoja ni utajiri. Lakini nimezaliwa Mombasa, nimekulia Mombasa, na sijapata kumsikia mtu akipiga kelele dirishani kwamba bilula inavuja. Neno lililo hai midomoni mwa maelfu ya watu hukatwa, na lililolala kamusini ndilo hupewa alama. Ukitaka kujua uzito wa jambo hili usitazame alama moja iliyopotea. Tazama kwamba mtoto wa miaka kumi na mmoja amefunzwa kumtilia shaka nyanya yake, katika lugha ambayo nyanya huyo hakuifunzwa na mtu, alizaliwa nayo.

Sisi watu wa Mvita tuna kidonda cha zamani hapa. Kikao kilichoamua kuwa Kiswahili sanifu kifuate lahaja ya Unguja kilikaa hapa hapa Mombasa, mwaka 1928. Tuliandaa ukumbi, wakaondoka na lugha ya jirani. Sitaki kulifukua kaburi hilo, na ukweli ni kuwa tulihitaji lugha moja ya vitabu. Lakini usanifu ulikuja ili watu waelewane, haukuja ili mwalimu atumie wino mwekundu kuua neno ambalo hata huko Unguja lipo.

Wala sitaki mtu adhani natetea mfereji kwa ushabiki tu. Upo upande wa pili, na huo ndio ulioninyima usingizi. Mwaka mmoja wa mvua kubwa, kipindupindu kilipoingia mitaani, ofisi moja iligawa karatasi zilizoandikwa kwa herufi kubwa: USINYWE MAJI YA MFEREJI BILA KUYACHEMSHA. Sisi tulielewa. Lakini mtaani kwetu palikuwa na vijana wa ujenzi waliotoka bara ya Tanzania, watu wa kazi, wanajua kusoma vizuri. Nilimkuta mmoja wao amesimama kwenye koki ya mwenye nyumba, anakunywa kwa viganja. Nikamwambia, kaka, hukupata karatasi? Akacheka. "Nimeisoma. Nani anakunywa maji ya mtaroni?"

Alikuwa ametii karatasi ile neno kwa neno. Alhamdulillahi hakuugua, lakini tangu siku ile nikiona tangazo la afya lenye neno mfereji peke yake, au bomba peke yake, nahisi mwandishi hakutoka nje ya ofisi yake kuuliza ni nani atakayesoma. Kuweka maneno mawili pamoja, mfereji au koki, kunagharimu wino wa neno moja.

Nilipata nafasi ya kujaribu maneno yangu mwenyewe. Msikiti wetu uliamua kubandika tangazo penye pa kutilia udhu, kwa sababu watu hufungua maji, wakaanza kupandisha mikono ya kanzu, wakasalimiana, wakaulizana habari za wagonjwa, na maji yote hayo yanakwenda. Sote twaijua hadithi inayotukataza israfu hata ukiwa kando ya mto unaopita, na sisi hata mto hatuna. Kamati ikanipa kazi mimi, eti ndiye mwandishi. Nikaandika: FUNGA MFEREJI / KOKI UNAPOPAKA KICHWA. Mmoja akasema koki ni neno la gereji, halifai msikitini. Mwingine akataka bilula kwa sababu watoto wa madrasa wataisoma. Wa tatu akasema tuandike kwa Kiarabu, na hapo ikabidi tuulizane ni wangapi kati yetu wangeisoma.

Mwishowe niliacha maneno mawili niliyoyaandika, na juu yake nikachora picha yenyewe kwa kalamu nene, kichwa, kishikio na mdomo, na chini ya mdomo nikatia tone moja ili mtu ajue ni cha maji. Tukaibandika Ijumaa. Baada ya sala mzee mmoja wa safu ya mbele aliisimamia muda mrefu, mikono nyuma, kisha akaniita.

"Mwanangu," akasema, "umechora vizuri. Lakini mfereji wako huu wavuja."